Mfamasia Aliyeniuliza Habari za Daku

Katika miaka yangu ya kufundisha madrasa nimeulizwa maswali mengi, na nimejifunza kwamba wengi wanaouliza wanalo jibu tayari. Wanakuja ili uwakubalie. Mtu ninayetaka kumweleza hapa hakuwa hivyo. Aliuliza kwa sababu hakujua, na ukimjibu aliuliza tena, mpaka ukagundua kwamba na wewe hukuwa unajua sawasawa jambo ulilodhani unalijua.

Ni mwanamke, mfamasia wa hospitali, hapa hapa Babati. Jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Wafamasia wengine wapo mjini, tena wazuri, lakini ukisema "mfamasia" bila kuongeza neno, mtu wa hapa anajua unamsema nani. Ni Mlutheri, anakaa Nakwa, ana ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye yeye mwenyewe anamwogopa na shamba la mbaazi analolisifia kuliko linavyostahili.

Kilichotukutanisha ni funga yangu. Nina ugonjwa wa sukari. Siku ulipogundulika, daktari kijana aliniambia kwa upole kwamba habari za kufunga Ramadhani nizisahau, akaniandikia dawa, akamwita mgonjwa aliyenifuata. Mimi nimefunga tangu utotoni. Nimewashika mikono watoto wa watu katika funga yao ya kwanza, na baadhi yao sasa ni babu. Nilifika kwenye dirisha la dawa kama mtu anayetoka mazikoni.

Yeye alinichungulia, akakisoma cheti changu, akaacha kunipa dawa. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la wagonjwa, akanipa shikamoo. Kisha akauliza, "Shehe, mkifunga, usiku mnakula mara ngapi?"

Nikamwambia tunafuturu jua likizama, na tunakula daku kabla ya alfajiri.

"Na hapo katikati?"

"Inategemea nyumba na nyumba."

"Nyumba yako je?"

Nilimweleza nyumba yangu. Aliuliza daku ni chakula kizito au chepesi, nani anapika, nani anaamsha wengine, na kama mtu akipitiwa na usingizi anafunga hivyo hivyo. Watu kwenye foleni walianza kuguna. Mwishowe alisimama, akasema hawezi kuniahidi kitu. "Ila usisahau chochote kwanza," akaniambia. "Nipe muda nikasome."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa hospitali akisema anakwenda kusoma kwa ajili yangu. Baada ya muda aliniita, akanikalisha na yule yule daktari kijana, wakapanga dawa zangu upya kwa mwezi mzima wa Ramadhani: ipi kwenye futari, ipi kwenye daku na kwa kiasi gani, na dalili zipi zikinipata nivunje funga papo hapo bila kubishana na nafsi. Nilifunga mwaka ule, alhamdulillahi, na mwaka uliofuata. Lakini ruhusa haikuwa ya kudumu. Kila Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, nilikwenda kupimwa, na kila Shaaban swali lilikuwa lile lile: mwaka huu je? Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa akisema kwamba mwezi huo siongei na mtu mpaka nitoke hospitali.

Kwa kuwa nilimwendea miaka mingi, nilipata nafasi ya kumwangalia. Nimemwangalia kwa udadisi, nakiri, kwa sababu sikuwa nimeona mtu wa namna yake.

Hakuwa akimwuliza mgonjwa kama ameelewa. Alisema neno hilo halina maana, kwa sababu mtu mwenye heshima zake hawezi kukubali mbele ya foleni kwamba hajaelewa. Badala yake alikupa dawa mkononi, akasema, "Nionyeshe utakavyofanya nyumbani." Hapo ndipo mambo yalipoonekana. Mama mmoja kutoka nyanda za juu za Mbulu, amevaa shuka lake zuri, aliichukua ile dawa ya kupuliza ya pumu akaipulizia kifuani, juu ya nguo, kwa makini kabisa, kama anavyojipaka dawa ya kuchua. Alikuwa ameitumia hivyo msimu mzima wa mavuno, na watoto wake walikuwa wameshaanza kusema pumu hiyo amerogwa. Hakuna aliyecheka. Mfamasia alimshukuru kwa kumwonyesha, kisha akamfundisha polepole jinsi ya kuvuta pumzi.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo wageni waliishangaa. Alimtaka kila mgonjwa wa muda mrefu aje na dawa zote zilizoko nyumbani, zote, hata za mizizi, hata za jirani. Watu walikuja na mifuko. Alimwaga vyote mezani na kuvipitia kimoja kimoja, huku akiuliza hiki kilitoka wapi na hiki kinanywewa lini. Siku yangu aliukuta mzizi mmoja ambao shemeji yangu aliniletea na kunisifia. Sikutaka kuusema. Aliunusa, akauliza unachemshwa kwa maji kiasi gani, akauliza nikinywa najisikiaje saa moja baadaye. Hakuukejeli. Aliniambia tu kwamba huenda nao unashusha sukari, na kwamba nikiuchanganya na vidonge vyake ni kama kumpakia punda mmoja mizigo ya watu wawili wasiojuana. Nikauacha.

Saa za dawa alizifunga kwenye shughuli za mtu. Mkulima wa Bonga aliambiwa ameze baada ya kukamua. Mkatoliki aliambiwa kengele ya adhuhuri ikilia. Sisi alitupangia kwa swala, na ili aweze kufanya hivyo alikuja dukani kwangu, kwenye duka langu dogo la kanga na vitenge karibu na soko, nimweleze nyakati za swala moja baada ya nyingine. Akataka kujua kama alasiri inasogea kadiri mwaka unavyokwenda. Nikamwambia inasogea, lakini huku kwetu si sana. Alifurahi kama mtoto aliyepewa andazi.

Siku moja nilimwuliza tabia hii ya kuuliza uliza aliipata wapi. Akasema, "Nilipotoka chuoni nilikuwa najua dawa inafanya nini ndani ya mwili. Sikujua inafanya nini ndani ya nyumba. Nilitoa dawa miaka mingi bila kujua."

Kwa wagonjwa alikuwa mvumilivu. Kwa madaktari alikuwa na neno moja ambalo walilijua na kuliogopa. Akiona cheti kisichomkalia sawa, hakupiga simu. Alivaa koti lake, akatembea mpaka wodini, akasimama mbele ya aliyeandika, akasema, "Daktari, nisaidie kuelewa." Nilikuwa nimelazwa kwa malaria niliposikia daktari mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba akisikia sentensi ile anaanza kukikagua cheti chake mwenyewe kabla hajageuka. Mara nyingi mfamasia alikuwa na haki. Mara nyingine hakuwa nayo, na hapo alisema asante, nimejifunza, akarudi kwake bila kinyongo. Hilo ndilo lililowafanya wasimchukie.

Kila Alhamisi asubuhi dirisha la dawa lilichelewa kufunguliwa. Yeye na wenzake, wafamasia na wateknolojia wa dawa na wauguzi waliopenda, walikuwa na darasa lao. Kila mmoja alileta jambo moja alilokosea au alilokaribia kukosea wiki ile, bila kumtaja mgonjwa, na wengine walisaidiana kutafuta kosa liliingilia mlango gani. Yeye alianza na la kwake kila mara. Huku nje sisi tulilalamika. Fundi seremala mmoja mwenye mdomo, aliyekuja kuchukua dawa za presha, alisema kwa sauti ya kusikika ndani, "Leo wanasoma. Sisi tufe kwanza, wao wahitimu, ndipo watuzike kitaalamu." Watu wakacheka. Mfamasia akafungua mlango, akamwamkia, akamwalika aingie akae. Aliingia kwa aibu. Alipotoka alikuwa mpole, akatuambia kwamba amemsikia mwanamke yule akieleza mbele ya vijana wake jinsi alivyokaribia kumpa mtu dawa ya mtu mwingine kwa sababu majina yalifanana. "Mimi nikikata mbao vibaya naficha," akasema yule fundi. Tangu siku ile hakuruhusu mtu kulalamika Alhamisi.

Darasa lile lilifika mpaka msikitini kwetu. Muadhini wetu, mzee mwenye sauti nzuri na ubishi mwingi, naye ana sukari, lakini yeye hakwenda kupangiwa. Kifuko chake cha dawa kiliandikwa asubuhi na jioni. Ramadhani ilipoingia aliamua mwenyewe kwamba atavimeza vidonge vya asubuhi na vya jioni kwa pamoja wakati wa daku, aumalize usumbufu kabla ya alfajiri. Adhuhuri hakuweza kuadhini. Tulimkuta ameegemea ukuta, anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulimpa maji ya sukari, tukamkimbiza hospitali. Alipozinduka na kuulizwa kwa nini alifanya vile, alijibu, "Nilitaka nivimalize vyote, nibaki mimi na Mola wangu."

Wengine walimwona mjinga. Mfamasia hakumwona hivyo. Alikichukua kile kifuko akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia mimi niliyekuwa kando ya kitanda: "Tulimwandikia siku ambayo yeye hana." Maana mtu aliyefunga hana kifungua kinywa cha asubuhi, na mchana wake umehamia usiku. Alhamisi iliyofuata alilileta jambo hilo darasani kama kosa la idara yake. Mwaka uliofuata, katika Shaaban, aliomba ruhusa aje msikitini kuzungumza na wenye sukari na presha baada ya alasiri. Alikuja amejitanda kanga, akakaa ukumbini upande wa kina mama. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza kwa kunong'ona tangu lini Mkristo atufundishe kufunga. Nikamwambia akae asikilize, huyu hajaja kufundisha. Na kweli, sehemu kubwa ya muda ule alikuwa anatuuliza.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na presha yeye mwenyewe, na dawa zake alizisahau. Alishinda njaa mpaka jioni huku ameshika chupa ya soda, naye ndiye aliyetukataza soda. Mama Zuhura alimwambia usoni, "Wewe unatuchunga sisi. Wewe nani anakuchunga?" Akacheka, akasema atabadilika, na hakubadilika. Alikuwa pia na hasira ya ghafla kwa mtu aliyebandua karatasi za maelezo kwenye chupa, na mara moja alimliza kijana wa kazi, kisha akaenda kumwomba radhi mbele ya wenzake wote, jambo ambalo kijana alisema lilimtisha kuliko ile hasira.

Wanataaluma wa dawa wanatakiwa waonyeshe kwamba wanaendelea kujifunza ndipo leseni zao zihuishwe. Wengi wanakwenda semina kwa sababu hiyo na kwa sababu ya posho, wala siwalaumu. Yeye alikwenda kama mtu mwenye kiu. Mwenzake alinisimulia kwamba aliuliza maswali mpaka chakula cha mchana kikapoa, na waliokaa karibu naye walimfinya. Akirudi, hakuwa mtu wa kukaa na alichokipata. Kama amejifunza kwamba jambo alilokuwa akiwaambia watu si sahihi tena, aliwatafuta. Alifika Maisaka kwa bodaboda kumwambia mama wa watu, "Ile dawa niliyokwambia unywe na maziwa, usinywe na maziwa." Watu walimshangaa. Mtaalamu kurudi kwako yeye mwenyewe kusema nilichokwambia kimebadilika, hilo halijazoeleka hata kwetu walimu wa dini.

Hivi karibuni, akiwa amekaribia kustaafu, aliomba kwenda Moshi kwa mafunzo ya miezi kadhaa ya kuwahudumia wagonjwa wa sukari na figo. Vijana wake walimtania kwamba anasoma ili amtibu ng'ombe wake. Akawajibu, "Mimi nastaafu. Wagonjwa wangu hawastaafu."

Alirudi Shaaban iliyopita. Nilikuwa nimeshapima, nasubiri kuitwa kama kawaida. Sikuitwa. Alikuja mwenyewe dukani baada ya alasiri, akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakuuliza kitu. Ndipo nikajua.

"Shehe," akasema, "mwaka huu sitakupangia."

Nikamwuliza kama ni daktari aliyesema. Akasema ni daktari na ni yeye pia. Walivitazama vipimo vya figo zangu pamoja, na ni yeye aliyeomba aje kuniambia. Figo zimechoka, dawa inakaa mwilini kuliko zamani, na sukari yangu sasa inaweza kushuka bila kunipa ishara. Vidonge vitabadilishwa, nitaanza sindano, asubuhi na jioni, na kila sindano inataka chakula.

"Lakini mwaka jana ulinipangia."

"Nilikupangia kwa niliyoyajua na kwa figo ulizokuwa nazo. Vyote viwili vimebadilika."

Nilibisha. Mimi ni mtu wa hoja, nimekula chumvi nyingi katika hoja. Nikasema nifunge siku chache tu, nijaribu. Nikasema nifunge Ijumaa peke yake. Nikasema nitajipima kila saa. Alizisikiliza zote, akazijibu moja moja, bila haraka, bila kunikatiza, kama anavyomfundisha mgonjwa kuvuta pumzi. Hoja zilipokwisha nikamwuliza, "Na kama umekosea?"

"Nikikosea mimi, utakuwa umekula mchana mwezi mmoja, nami nitakuja hapa kukuomba radhi. Ukikosea wewe, sitamkuta wa kumwomba."

Niliinuka nikaanza kupanga vitenge ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nimewafundisha watu miaka mingi kwamba mgonjwa asiyetarajia kupona hulisha maskini badala ya kufunga, na kwamba rehema ya Mwenyezi Mungu haina daraja la pili. Nimewaambia hayo wajane na wazee waliolia mbele yangu, na niliyaamini, na bado nayaamini. Lakini nilikuwa nayatoa. Sikuwa nimewahi kuyapokea. Macho yalinijaa machozi, nikamwacha aone mgongo wangu, nikasema tu kwamba basi nitalisha maskini.

Hakuondoka. Baada ya kitambo nikaisikia sauti yake ya siku zote. "Huyo anayelishwa, analishwa wakati gani?"

Nikamjibu bila kugeuka kwamba wakati wowote. Mtu anaweza kumpa nafaka, anaweza kumpikia.

"Na wewe ungependa ipi?"

Nilifikiri. Nikasema ningependa kumpikia, ale kwangu, magharibi, wakati wa kufuturu.

"Utakula naye?"

"Naweza kula naye."

Alitazama juu, midomo yake ikicheza, kama afanyavyo akipima mambo. "Basi ile sindano ya jioni tuiweke hapo," akasema. "Si kabla ya magharibi. Hapo hapo, chakula kikiwa mezani." Akaanza kuuliza tutapika nini, na kiasi gani, na kama huyo mtu ni mlaji wa haraka au wa polepole. Nilimgeukia. Funga hakuweza kunirudishia, na hakujifanya kwamba anaweza. Alikuwa anatafuta ndani ya mwezi ule mahali ambapo ningeweza kukaa.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza, baada ya swala ya adhuhuri, Mama Zuhura alinitilia ugali wa dona, maharage na mchicha, akaniwekea nyuma ya pazia la duka, kisha akakaa mbele kuwahudumia wateja, naye amefunga. Nilinawa. Mkono haukwenda. Nilisikia wateja wakisalimiana kwa furaha ya siku ile, wakiulizana funga imewashikaje, na mimi nimekaa mbele ya sahani kama mwizi.

Mfamasia alifika katika saa yake ya mapumziko. Alikaribishwa nyuma ya pazia, akaona sahani nzima.

"Hujala."

"Bado."

Hakunikemea. Alivuta kigoda, akaomba maji ya kunawa. Mama Zuhura akamwambia kutoka mbele, "Kula na wewe, najua tangu asubuhi umeshinda na soda." Hakubisha. Alimega tonge, akalishika mkononi, akanisubiri.

Nikasema bismillahi. Tonge la kwanza lilinikwama, nalisema kama lilivyokuwa. La pili likapita. Kisha nikaanza kuona kwamba nina njaa, na kwamba maharage yametiwa nazi, na kwamba naam, hii nayo ni riziki na mwenye kuitoa ni Yule Yule. Nikamshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Yeye akainamisha kichwa, naye akasema lake.

Tulikula bila haraka. Tulipokaribia kumaliza aliniuliza mgeni wangu wa jioni ni nani. Nikamwambia ni mzee mmoja anayebeba mizigo pale stendi, anakaa peke yake Maisaka, mtu wa hadithi nyingi anayesimama na kila mtu njiani.

Alinawa, akasimama, akajifuta mikono kwenye koti lake jeupe.

"Tuma mtu akamlete mapema," akasema. "Dawa yako inamsubiri yeye."